Mgongo wa Mama na mikono ya watu: tiba ya osteopathi inafaa wazee wetu?

Binti_Sabatia (mwanzilishi wa uzi), Kisumu

Hamjambo nyote. Naomba mnisome kwa utulivu, jambo lenyewe ni refu kidogo.

Mama yangu ana miaka 74, yuko Sabatia kule Vihiga. Mwezi wa tatu aliinua mtungi wa lita 20 pale kisimani, akasikia kitu kimemkata katikati ya mgongo, chini ya mabega. Akakaa nacho wiki mbili, anajichua na kumeza tembe za dukani. Nilipofika nyumbani nilimkuta anashika ukuta akienda msalani. Nikampakia kwenye matatu, nikaja naye kwangu Mamboleo.

Hapo ndipo nilipokosea. Jirani alinielekeza kwa bwana mmoja mjini, ana chumba ghorofani, mlangoni kaandika kwa rangi "Osteopathi, tunanyoosha mgongo". Ndani pasafi, koti jeupe, mifupa ya plastiki imening'inia kwenye kona. Nikalipa elfu mbili na mia tano. Hakumuuliza Mama umri wake. Hakuuliza kama aliwahi kuanguka, kama ana presha, wala anameza dawa gani. Alimlaza kifudifudi akambonyezabonyeza, kisha akamgeuza ubavu, mkono mmoja begani, mwingine nyongani, akamsokota kwa ghafla. Mlio niliusikia nikiwa nimeketi karibu na mlango. Mama hakupiga kelele. Alikunja vidole vya miguu, machozi yakamtoka, basi. Yule bwana akaniambia, "Umesikia? Imerudi mahali pake."

Usiku ule Mama hakulala. Alikuwa akikohoa, analia.

Siku ya tatu nikampeleka hospitali ya serikali, akapigwa eksirei. Pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea upande wa mbele, kama mkate uliokaliwa. Daktari alisema hawezi kuapa kama pingili ilivunjika kwa ule mtungi au kwa kusokotwa. Alichoweza kuapa ni kwamba mgongo wa namna ile haukupaswa kusokotwa hata mara moja.

Sasa sikilizeni. Hospitalini humo, kwenye idara ya fiziotherapia, kuna dada anayemtibu Mama kwa mikono vilevile, na Mama amepata nafuu. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa niwaambie mikono ni mibaya. Nataka kuelewa: hii osteopathi ni kitu gani hasa? Inawafaa wazee? Na mtu asiye daktari, kama mimi, atamtambuaje anayejua kazi na anayebahatisha?

---

Kondele_Original

Pole sana dadangu, na Mama mwambie pole. Mimi nauliza dogo: ile mishipi ya kiuno wanayouza pale Kibuye, ya kufunga mgongo, ingemsaidia? Mamangu mkubwa amevaa wake miaka miwili, halali bila huo.

---

Nesi_Ughaibuni

Binti_Sabatia, pole mpendwa. Mimi nilizaliwa Nyamasaria, sasa ni nesi huku Missouri, Marekani, na bahati nzuri ndiko osteopathi ilikozaliwa. Wacha nikueleze ninavyoijua.

Aliyeianzisha ni daktari aliyeitwa Andrew Taylor Still. Mwaka 1864 alifiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo, na dawa za enzi hizo, ambazo nyingine zilikuwa na zebaki, hazikumsaidia lolote. Aliichukia tiba aliyofundishwa. Mwaka 1874 akatangaza njia yake: mwili una uwezo wa kujiponya, na kazi ya tabibu ni kuiondolea mifupa, misuli na mishipa ya damu kizuizi kilichopo. Mwaka 1892 akafungua chuo cha kwanza katika mji wa Kirksville, hukuhuku Missouri. Alizidisha, tuseme ukweli. Alifikia kuona karibu kila ugonjwa unatokana na mfupa uliokaa vibaya, na hilo leo madaktari wenyewe wa osteopathi hawalifundishi.

Linalowachanganya watu ni hili. Huku Marekani mtu mwenye shahada ya osteopathi ni daktari kamili: anaandika dawa, anapasua, anaongoza chumba cha wagonjwa mahututi. Wengi wao hata hawatumii mikono kutibu mgongo. Ukivuka Uingereza, mosteopathi ni fani nyingine, ina sheria yake ya mwaka 1993 na baraza lake, lakini hawi daktari wa kuandika dawa kwa fani hiyo. Neno ni moja, kazi ni mbili. Ndiyo maana neno lililopakwa rangi mlangoni halikuambii chochote kuhusu aliye ndani. Muulize alisomea wapi, miaka mingapi, na nani alimpa leseni.

---

FundiWaViungo

Nimefanya fiziotherapia miaka 16, sasa niko Kakamega. Uzi huu umeniuma, kwa sababu wagonjwa kama Mama nawapokea, na mara nyingi wanafika kwangu baada ya kupita kwa mtu wa kusokota.

Niwaeleze kuhusu mlio. Ule mlio si mfupa unaorudi mahali pake. Ndani ya kiungo kuna majimaji, na ukikivuta kwa ghafla kunatokea uwazi wa gesi, ndio unaolia. Kwa kijana mwenye mifupa mizima, mgongo ukilia anaweza kupata nafuu ya siku kadhaa. Kwa mzee ambaye mifupa imepungua madini na kuwa kama biskuti ndani, nguvu ileile inaweza kuvunja pingili au ubavu. Na wazee hao hawajijui! Mifupa kudhoofika hakuumi mpaka siku inapovunjika. Kina mama waliokoma hedhi ndio wanaoathirika zaidi, pia watu waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, kwa mfano wenye pumu kali au baridi yabisi.

Lakini osteopathi si kusokota peke yake. Kusokota ni njia moja tu kati ya nyingi, na zile zinazowafaa wazee ni za polepole. Moja mimi naitumia kila siku. Mzee analala chali, namwinua mguu mpaka pale unapokataa. Namwambia, "Sukuma mkono wangu kidogo, kama unasukuma yai hutaki lipasuke." Anasukuma, mimi nazuia, sekunde 3 hadi 5. Anaachia, anapumua. Halafu ule mguu unakubali kusogea mbele kidogo bila mimi kuulazimisha. Tunarudia mara tatu au nne. Nguvu ni yake, si yangu, ndiyo maana ni vigumu kumuumiza.

Nyingine: unatafuta kidonda cha msuli, ile sehemu ukibonyeza anaruka. Unamweka mzee katika mkao ambao maumivu ya pale yanapungua kabisa, unamshikilia hapo sekunde 90, kisha unamrudisha polepole mno. Ukimrudisha haraka umeharibu kazi yote. Njia hii iligunduliwa na daktari wa osteopathi aliyeitwa Lawrence Jones miaka ya 1950. Anayeitazama kwa pembeni atasema hakuna kinachofanyika.

Kondele_Original, kuhusu mshipi: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno mwezi Desemba 2023, na wazee wamo humo. Mishipi ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa uzito havikupendekezwa. Mazoezi, elimu kwa mgonjwa, masaji na tiba ya mikono ya uti wa mgongo vimo kati ya vinavyoweza kutumika. Mama mkubwa usimvue mshipi kwa siku moja. Aanze mazoezi ya misuli ya mgongo na tumbo, awe anauacha saa moja, kesho mbili, taratibu.

Ieleweke, mwongozo huo unahusu maumivu sugu yasiyo na ugonjwa nyuma yake. Pingili iliyovunjika ni habari nyingine.

---

Mwalimu_Maseno

Samahani, sitaki kuonekana nabisha, maana Binti ameumizwa kweli. Ila nafundisha sayansi, na swali langu ni la kila siku: ushahidi uko wapi? Hata mama mkandaji wa kijijini kwetu ana watu mia watakaoapa amewaponya. Maumivu ya mgongo mengi huisha yenyewe baada ya wiki sita. Nani anajua kama ni mikono au ni muda?

---

Nesi_Ughaibuni

Mwalimu, swali lako ni la haki na nitakujibu bila kupendelea upande.

Kuna utafiti mmoja uliohusu hasa watu wazima wenye nimonia, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 406, wote miaka 50 na kuendelea, wamelazwa. Wote walipata antibiotiki kama kawaida. Kundi moja likaongezewa tiba ya osteopathi mara mbili kwa siku: kuinuliwa mbavu, kulegezwa kiwambo cha kupumulia, kusukumwa limfu, yale majimaji ya mwilini yanayosaidia kinga. Kundi la pili waliguswa tu sehemu zilezile bila tiba yoyote, na la tatu halikuongezewa kitu. Walipohesabu wote waliopangwa mwanzoni, hakukuwa na tofauti ya maana. Walipohesabu waliomaliza tiba kama ilivyopangwa, wenye osteopathi walikaa hospitalini siku chache kuliko wale wa dawa peke yake. Lakini ukiwalinganisha na walioguswa tu, tofauti hiyo haisimami.

Mimi nikisoma hivyo naelewa mambo mawili. Asikuambie mtu osteopathi inatibu nimonia ya mzee, mpeleke apate antibiotiki. Na la pili, mzee aliyelazwa akiguswa kwa upole mara mbili kwa siku na mtu anayemtazama usoni, hilo nalo lina uzito wake. Mimi ninayezunguka wodini naliona kwa macho.

Upande wa mgongo kuna utafiti wa mwaka 1999 uliochapishwa katika New England Journal of Medicine, wagonjwa 155. Waliotibiwa kwa mikono na waliotibiwa kwa njia za kawaida walipona sawasawa, ila wale wa mikono walitumia dawa chache zaidi. Hapo sasa Mwalimu utaniuliza umri, nami nakuwahi: walikuwa kati ya miaka 20 na 59. Si wazee wetu. Lakini hilo la dawa chache kwa mzee ndilo kubwa kuliko yote, na naomba mwenye kisa cha dawa za maumivu atueleze.

---

Guka_wa_Njoro

Mwenye kisa ni mimi. Nina miaka 71, nimeendesha lori Nakuru hadi Malaba miaka 28. Mgongo wangu ulikwisha kwenye kile kiti. Nilikuwa nanunua diklofenaki kama mtu anayenunua peremende. Asubuhi mbili, jioni mbili, na nikisikia vibaya napita mahali nadungwa sindano. Hakuna aliyeniuliza kitu, unalipa tu.

Mwaka wa nne nikaanza kuona choo cheusi kama lami. Nikadhani ni mboga. Siku moja nikaanguka bafuni, nikaamka niko wodini naongezewa damu. Tumbo lilikuwa na vidonda, presha imepanda, na daktari akasema hata figo zimeanza kuchoka. Wazee wenzangu, zile tembe zinazima maumivu kweli, lakini zinakula tumbo na figo, hasa ukiwa na presha.

Sasa nina mazoezi niliyofundishwa na kijana wa fiziotherapia hapa Nakuru. Kila wiki mbili ananilegeza nyonga na kiuno, kazi yenyewe dakika 20, kisha ananisimamisha: kaa kwenye kiti, simama bila kushika, mara kumi. Mwanzo niliweza mara tatu. Maumivu yapo, sidanganyi, lakini nalala.

---

Mwalimu_Maseno

Guka, heshima zako na pole kwa yaliyokupata. Nesi, nimekubali. Nilitarajia utaniletea ule utafiti wa kupendeza tu.

---

Jaber_Ahero

Mimi ni msomaji wa kimya ila leo nimeshindwa. Baba yangu mdogo, miaka 68, maumivu ya kiuno miezi mitano. Alikandwa na kila mtu kuanzia Ahero mpaka Awasi. Kila anayemkanda anasema ni mshipa. Yeye mwenyewe alikuwa akisema yanazidi usiku akilala, na suruali zinamvuka. Tulidhani ni kwa sababu hali vizuri. Kupimwa, saratani ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Tulimzika mwaka jana. Ile miezi mitano ya kukandwa ndiyo inayoniuma.

---

FundiWaViungo

Jaber, pole sana ndugu yangu. Umesema jambo ambalo ningetaka lisomwe na kila anayepita kwenye uzi huu, kwa hiyo naliongezea.

Maumivu ya mgongo ya kawaida hupungua ukilala. Yanayokuamsha usiku, yanayokuja na kukonda, homa za jioni au jasho la usiku, hayo si ya kukandwa. Huku kwetu kifua kikuu kinaingia hata kwenye uti wa mgongo, na mtu anaweza asikohoe hata kidogo. Mzee wa kiume akiwa na shida ya mkojo pamoja na mgongo, apimwe tezi dume. Aliyewahi kuugua saratani yoyote, aseme mapema. Na ikitokea ganzi sehemu za siri, au mkojo unatoka bila habari, au miguu inaisha nguvu, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Tabibu yeyote anayeweka mikono juu ya mzee kabla ya kuuliza hayo, mshike mzee wako mkono mwondoke. Hata kama mmeshalipa.

---

Omwana_wa_Mbale

Nauliza kwa haraka: babangu anameza wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya moyo. Shingo imekaza, anataka "kuvunjwa". Nimruhusu?

---

FundiWaViungo

Usimruhusu. Shingoni kuna mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo kupitia ndani ya pingili, na kuivuta kwa ghafla kunaweza kuchana ukuta wa mshipa na kuleta kiharusi. Hiyo hutokea mara chache, lakini kwa mtu ambaye damu yake imepunguzwa kuganda sitaki hata hiyo mara chache. Anaweza kulegezwa misuli ya shingo na mabega kwa upole, anayemtibu akijua kuhusu wafarini. Pia asimchanganyie na diklofenaki au ibuprofeni, atavuja damu.

---

Binti_Sabatia

Nimesoma yote, nimemsomea Mama mengine kwa Kilogooli. Alipofika kwa Guka akasema, "Mwambie huyo mzee asiache mazoezi."

Wacha sasa nieleze huyo dada wa hospitalini anafanya nini, maana tofauti niliiona siku ya kwanza kabla hata hajamgusa. Alituweka dakika 20 akiuliza. Dawa, kuanguka, umri wa kukoma hedhi, mamake Mama alikufa amejikunja? (Ndiyo, bibi yangu alikuwa amejikunja mpaka anatazama chini tu, tukadhani ni uzee.) Halafu akauliza swali ambalo sitalisahau: "Mama, gauni zako zimeanza kuburuta?"

Mama akanitazama. Sare yake ya kina mama wa kanisa, aliyoshonewa Chavakali miaka mingi iliyopita, ilikuwa inamfika juu ya kifundo. Siku hizi pindo lake lina tope. Mimi nilidhani imelegea kwa kufuliwa. Kumbe gauni halikurefuka, Mama ndiye amepungua. Pingili zikibonyea moja baada ya nyingine, mtu anafupika. Yule dada akamsimamisha kisigino ukutani, mgongo ukutani, akamwambia aguse ukuta kwa kisogo. Hakikufika. Ngumi yangu nzima ingepita hapo katikati. Alijua hali ya mgongo ule kwa gauni na ukuta, kisha ndipo akaitazama picha ya eksirei.

Kumtibu, hamlazi kifudifudi kamwe. Mama analala ubavu, mto kati ya magoti, mwingine kifuani aukumbatie. Yule dada anaweka viganja kwenye mbavu za nyuma na kungoja apumue. Mama akivuta pumzi viganja vinapanda, akitoa vinashuka, hakuna kubonyeza. Wiki ya kwanza pumzi ilikuwa fupi kama ya mtu anayeogopa. Wiki ya tatu mbavu zilikuwa zinafunguka hata mimi naona chini ya kanga. Kikohozi kikaacha kumliza. Kisha mabega na nyonga kwa ile njia ya kusukuma yai aliyoieleza FundiWaViungo, nimeitambua nilipoisoma. Pale penyewe palipovunjika hapagusi.

Na kila mara kabla ya kuondoka, kazi ya nyumbani. Kukaa wima na kurudisha mabega nyuma. Kutoinama kwa kiuno, apige magoti. Jembe la mpini mfupi limepigwa marufuku, kaka yangu ametia mpini mrefu. Maji ni vidumu vya lita 5, viwili, kimoja kila mkono, na ni watoto wa jirani wanaobeba mengine. Dawa ya mifupa ni ya mara moja kwa wiki: Jumapili alfajiri kabla ya chai, gilasi nzima ya maji, kisha aketi wima nusu saa bila kulala wala kula, kwa sababu ikikwama njiani inachoma koo. Mama anaitumia hiyo nusu saa kwa sala.

Mtu aliniuliza pembeni kwa nini sitaji jina la yule wa ghorofani. Nimepeleka malalamiko panapohusika, kwa maandishi na nakala ya eksirei. Fiziotherapia ina sheria yake ya mwaka 2014 na ina Baraza linalotoa leseni. Nilipouliza kama jina lake limo, niliambiwa halimo. Hilo ningeweza kuliuliza kabla, lingenichukua dakika kumi.

---

Kondele_Original

Mama mkubwa ameacha mshipi asubuhi hii kwa muda wa saa moja. Amelalamika lakini ametembea mpaka kwa duka.

---

Nesi_Ughaibuni

Binti, Mama amerudi nyumbani au bado yuko nawe?

---

Binti_Sabatia

Alirudi Jumamosi. Njiani tulisimama Chavakali kwa fundi wa nguo, akamkunjia ile sare inchi moja na nusu. Jana ameivaa kanisani, ametembea mwenyewe, kaka yangu alikuwa nyuma yake na kiti cha plastiki na hakukitumia. Kliniki ni Jumatano ya wiki ijayo, nitamuulizia Omwana_wa_Mbale kwa yule dada kuhusu mazoezi ya shingo yanayomfaa mtu wa wafarini, jibu nitaliandika hapa.